Nyuma ya Sumaku

Mkwe wake alimfungia ndani ya ukumbi wa mwale, na alipotolewa akawaambia wakubwa kwamba mama huyo alijipenyeza mwenyewe, hakuchukua ufunguo, na alikutwa mlangoni. Hakukutwa mlangoni. Alikuwa kule mwisho, nyuma ya sumaku, pua na mdomo na mahali mwale unapogonga. Hayo ndiyo aliyotendewa Mama Chembe, na aliyemtendea ni mume wa bintiye wa pekee, baba wa mjukuu wake. Hakuna haja ya kumung'unya maneno.

Jina la Mama Chembe alilipata kazini. Aliingia katika taasisi ya utafiti akiwa mwosha vyombo, chupa za kioo zenye shingo ndefu na mabeseni yaliyoliwa na tindikali, na watu walimpita kama wanavyoipita ndoo iliyoachwa ukumbini. Darasani hakukaa sana. Alitolewa mapema akalee wadogo zake, wadogo wakakua, wakaoa na kuolewa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Lakini mkono wake ulikuwa mtulivu. Chombo hakikumponyoka. Aliyekuwa akiponda amonia alipoacha kazi kwa sababu ya kifua, wakatazamana wakubwa, kisha wakamtazama yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Amonia, ile inayochoma pua hadi machozi, hugandishwa polepole mpaka inakuwa donge gumu jeupe. Donge linapondwa kwa nyundo ndogo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kitu kinachofuka moshi kwa baridi na siyo kwa moto, kitu ambacho kikikugusa ngozi inakufa kama imeungua. Kisha linachekechwa. Mapande makubwa hayafai, unga nao haufai. Zinazotakiwa ni chembe za ukubwa wa punje ya mtama. Ukizubaa kidogo tu donge linayeyuka, jengo zima linanuka, na waheshimiwa wenye makoti meupe wanatoka mbio wakibubujikwa machozi pasipo msiba. Hilo lilitokea kwa yule wa kwanza. Kwa Mama Chembe halikutokea.

Chembe zilipokuwa tayari zilipelekwa kwenye mtambo mdogo wa jengo la pili, zikapigwa mwale huko, ndipo zirudi kutumika. Zilikwenda nyeupe. Zilirudi za zambarau, rangi ya jicho lililopigwa ngumi. Mara ya kwanza kuziona alidhani wamembadilishia kazi yake. Fundi wa pampu, mtu mnene mwenye mzaha asiyevua kofia hata akila, akamwambia kwamba ni zilezile.

"Mwale ukipita unaacha alama, dada," alisema. "Kwenye chembe unaiona."

Hakusema zaidi, na Mama Chembe hakuuliza zaidi. Alikuwa na bintiye wa kusomesha.

Sasa huyo mkwe. Wote walimwita Daktari, na mtaani jambo hilo lilimletea tabu. Majirani walimbishia hodi na watoto wenye kikohozi. Akiwaambia yeye si daktari wa watu, walinuna. Jirani mmoja alimuuliza basi anatibu nini. Akajibu kwamba anachunguza protoni. Jirani akauliza hiyo protoni inaumwa wapi. Mtaa mzima ulicheka kwa muda mrefu, na Daktari mwenyewe alicheka nao, kwa maana siku hizo alikuwa kijana mwenye uso mkunjufu, mwenye kusalimia wazee kwanza. Bintiye Mama Chembe alikuwa akimletea mama yake chakula getini. Daktari akaanza kuwa na njaa saa hizohizo. Hakuna aliyeshangaa posa ilipoletwa.

Kabla ya harusi alikuja kumweleza mama mkwe anachokifanya, ili asije akaambiwa na watu kwamba anamwoza binti kwa mchawi. Alileta pia, ya mti, ile ya watoto, akaizungusha juu ya meza. Akasema ndani ya meza hii, ndani ya kikombe, ndani yako wewe mama, kila kitu kimejaa protoni, na kila protoni inazunguka kama pia hii. Na ndani ya protoni mna vijipande vingine vidogo zaidi, navyo vinazunguka. Kuviona kwa jicho haiwezekani. Kwa hiyo wanachukua elektroni, wanazizungusha upande wanaoutaka, wanazirusha kwa kasi kubwa kwenye zile chembe. Zikigonga zinatawanyika huku na huku. Wanahesabu zilizotawanyika elektroni zikizunguka kuume, wanahesabu tena zikizunguka kushoto. Tofauti ni ndogo kama chumvi iliyoanguka kidoleni, lakini hiyo ndiyo inayowaambia mambo ya ndani.

"Tatizo ni hili, mama," alisema, na pia ikaanza kuyumba. "Tukijumlisha mzunguko wa vile vijipande, hatufiki hata nusu ya mzunguko wa protoni nzima. Sehemu iliyobaki hatujui iko wapi. Watu wameitafuta tangu mimi sijazaliwa."

Mama Chembe aliifikiria kidogo.

"Muulizeni aliyegawa," alisema.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Alikwenda kuyasimulia kazini, na tangu siku hiyo hata profesa mkuu alimwamkia Mama Chembe kwa jina. Ndoa ikafungwa. Ikapita miaka ya amani, mjukuu akazaliwa, na mama na mkwe wakawa wanafanya kazi katika ukumbi mmoja, yeye akileta chembe, mkwe akizipiga mwale. Watu waliwaonea wivu. Wivu ule ungejua yanayokuja ungejificha.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mkubwa kama ghala, hauna dirisha, kuta zake nene za zege na mlango wake pia wa zege, unaotembea kwa mota na kuunguruma. Katikati mlisimama sumaku. Chembe zinatiwa kwenye kikombe kidogo, kikombe kinashushwa katikati ya sumaku hiyo, panapozwa kwa heliamu mpaka baridi inakosa pa kwenda, na hapo protoni zote zinageuka upande mmoja kama waumini katika safu. Sumaku haikulala. Hata mtambo ukizimwa, yenyewe iliendelea kuvuta. Siku moja ilimpokonya mwanafunzi spana mkononi, spana ikaruka hewani, ikapita karibu na sikio la mtu na kukita kwenye chuma kwa kishindo. Wanaume watatu walihangaika kuibandua.

Basi Daktari akaweka utaratibu. Akapaka mstari wa njano sakafuni kuizunguka sumaku, na kando ya mstari akaweka trei ya plastiki juu ya kigoda. Mtu asivuke mstari na kitu cha chuma. Sarafu, pini, saa, mkufu, vyote kwenye trei. Ulikuwa utaratibu mzuri, na hakuna aliyeona kasoro yake, isipokuwa fundi wa pampu, naye aliisema kwa utani, na maneno ya mcheshi hakuna anayeyaweka akilini.

Kasoro ilikuwa ufunguo. Pale nje ya mlango wa ukumbi kulikuwa na ubao wa funguo. Kila anayeingia sharti atoe ufunguo mmoja autie mfukoni. Ubao ukikosa ufunguo hata mmoja, mtambo hautoi mwale, hata mfalme aamrishe. Afisa wa usalama aliwafundisha hivyo kila mwaka: ufunguo wako ni roho yako, usimpe mtu roho yako akushikie. Na kifuani kila mtu alibandika kipimo, kidude kidogo kinachokusanya habari za mionzi iliyompata. Sasa, ufunguo ni wa chuma. Kibanio cha kipimo ni cha chuma. Anayekwenda kwenye sumaku afanye nini? Aliviacha kwenye trei, roho yake na shahidi wake pamoja, akavuka mstari mikono mitupu.

"Ipo siku atakuja mtu azizoe hizi kama karanga," fundi wa pampu alisema, akitikisa trei.

Na mwenye kuzizoa alikuwepo tayari. Daktari alikuwa na tabia ya kuwakusanyia wenzake funguo kwenye trei wakati wa kutoka, akawagawia mlangoni, kila mtu akaurudisha wake ubaoni. Alifanya hivyo kwa wema. Watu walimshukuru. Baadaye, kazi ilipozidi, akawa hawagawii tena, anazitundika mwenyewe zote. Napo walimshukuru.

Mwaka ule kazi ilikuwa imewachelewea. Heliamu ilikuja kwa kuchelewa, pampu ikafa, ikafufuka, ikafa tena. Mtambo ulikuwa unangojwa na watu wengine, na wakubwa walikuwa wamekwisha sema wazi kwamba siku za kundi la Daktari zikiisha, zimeisha. Uso wake mkunjufu ukakunjamana. Nyumbani alikula amesimama. Bintiye Mama Chembe alilalamika kwa mama yake kwamba mume wake anazungumza na protoni usingizini, na mama akamwambia ashukuru hataji jina la mwanamke. Walicheka. Lakini Mama Chembe aliona, pale kazini, kwamba mkwe wake alikuwa ameanza kutembea bila kutazama pembeni, na moyo wake haukulipenda jambo hilo.

Ilikuwa alasiri. Kikombe cha chembe kilikuwa kimebadilishwa, na chombo cha naitrojeni kilichokuwa nyuma ya sumaku kilikuwa kimepungua. Mama Chembe akasema atakwenda kukijazia, na Daktari akaitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa kwenye nyaya. Akavua mkufu, akatoa ufunguo, akabandua kipimo, akaviweka kwenye trei. Akavaa viziba masikio kwa sababu ya pampu. Akavuka mstari, akazunguka nyuma. Ukiwa pale sumaku inakuficha mzima, kama mtu aliyesimama nyuma ya gari la mizigo.

Wengine wakatoka. Daktari akaizoa trei, akatia vyote mifukoni. Kabla ya kufunga, mtu wa mwisho hutakiwa kuuzunguka ukumbi mzima, apite kila kona, ajue kwa macho yake kwamba hakuna mtu. Yeye alikuwa ndiye wa mwisho. Alitembea mpaka kwenye mstari wa njano akasimama. Hakuweza kuuvuka, mifuko yake ilikuwa imejaa funguo za chuma alizozikusanya mwenyewe. Angerudi kuzitua, angepoteza muda. Akaita kwa sauti kama kuna mtu. Pampu zikamjibu. Akatoka, akatundika funguo zote ubaoni, na kipimo cha mama mkwe wake akakitundika kwenye msumari wake, mahali pake safi, kana kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani.

Mama Chembe alikuwa ameinama akimimina. Taa zikapungua. Hakushtuka. Taa za pale zilikuwa na mambo yake. Kisha akaona ukutani mwanga mwekundu unapita, unarudi, unapita. Akavua viziba masikio, akasikia honi, na chini yake ule muungurumo wa mlango wa zege ukikamilisha safari. Akaenda mbio mpaka kwenye mstari. Trei ilikuwa tupu.

Kilichomtisha si honi. Ni vile trei ilivyokuwa tupu. Pale ndipo alipoelewa kwamba huko nje ubao umejaa, na kwamba kwa habari zote zinazojulikana duniani yeye hayumo humu. Kamba ya dharura, ya kukata mwale, ilikuwa ukutani, upande wa mlango. Honi ikakoma kabla hajaifikia. Honi ikikoma maana yake tahadhari imekwisha na kinachofuata ni chenyewe. Aliivuta kamba kwa mikono yote miwili akaanguka nayo.

Je, mwale ulikuja? Yeye hakuona kitu. Hauna harufu, hauna joto, haugusi kama upepo unavyogusa. Akiwa amekaa pale sakafuni aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama anayetafuta rangi.

Mlango ulipofunguka Daktari ndiye aliyeingia wa kwanza. Alikuwa amekauka midomo. Akamshika mama mkwe wake mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampeleka kasi mpaka kwenye kizingiti, na hapo, kabla wengine hawajafika, akamwambia ya kumwambia.

"Mama, nakuomba kwa jina la mtoto. Waambie uliingia nyuma ya fundi, mlango ukiwa wazi. Hukufika mbali. Nitalirekebisha mwenyewe baadaye."

  Afisa wa usalama akaja, akauliza, na mkwe akajibu kwa niaba yake, akisema mama ameshtuka. Alijipenyeza. Hakuchukua ufunguo, tazameni ubao. Hakuvaa kipimo, kile pale kwenye msumari. Alikuwa hapa mlangoni. Kila alichokigusa kwa mkono wake mwenyewe alikigeuza shahidi. Afisa akamuuliza mama kama ni hivyo, naye alikuwa anamtazama mkwe, na mkwe alikuwa anamtazama kama mtoto mwenye homa. Akanyamaza. Kunyamaza kukaandikwa kuwa amekubali.

Kwenye chumba cha uendeshaji ilionekana kwamba mwale ulikuwa umefika. Kidogo, walisema, ule wa kujaribia njia, na muda mfupi tu kabla kamba haijaukata. Taasisi ikampeleka kwa daktari, yule wa kweli, wa kutibu watu. Mkwe ndiye aliyemwendesha. Binti alikuja nao, akabaki kwenye benchi la nje na mtoto mgongoni. Daktari wa watu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekwisha fanya hesabu ya mionzi kwa yale aliyoletewa.

"Kwa mtu aliyekuwa mlangoni, mama, kiasi hiki ni kama bure," alisema. "Kipimo chako nacho ni safi. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Na kwa mtu aliyekuwa nyuma ya sumaku?"

Kalamu ikasimama.

"Hiyo ingekuwa hesabu nyingine kabisa. Ningetaka damu leo, na tena, na tena. Kwani nani alikuwa nyuma ya sumaku?"

"Anauliza tu," alisema mkwe, na kucheka kidogo. "Mama anapenda kujua mambo."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kutoka pale alipokaa Mama Chembe aliona mguu wa mjukuu wake ukining'inia, una soksi, mwingine hauna. Akajiambia: amesema baadaye. Mtu mzima akisema baadaye, anangojwa. Akainuka, akashukuru, akaenda zake.

Baadaye haikuja. Kilichokuja ni barua ya kumtoa ukumbini kwa ukaidi, ikasomwa mbele ya wenzake, na profesa mkuu aliyekuwa akimwamkia kwa jina akawa anasoma viatu vyake mwenyewe. Akarudishwa kwenye chupa na mabeseni. Hilo angelimeza. Alikuwa amemeza makubwa zaidi katika maisha yake. Lakini uchovu ukaanza kumjia, uchovu usio na sababu, wa kumkalisha kwenye ngazi katikati ya kupanda. Chakula kikawa na ladha ya kopo. Huenda ulikuwa umri. Huenda ilikuwa hofu, nayo hofu inajua kuiga kila ugonjwa. Hicho ndicho alichotaka kukijua, na hakikujulikana, kwa sababu hesabu yote ilikuwa imefanywa kwa mtu mwingine, mtu aliyesimama mlangoni, ambaye hakuwahi kuwapo.

Alimngoja mkwe wake kwa adabu. Kwanza alimkumbusha kwa macho. Kisha alimkumbusha kwa maneno ya mbali. Mkwe akaanza kuwa na safari. Akija nyumbani anakuja na sukari, mafuta, sabuni, anaviweka mlangoni, anauliza hali akiwa amesimama, na kabla hajajibiwa ameondoka. Mama Chembe akaona ameanza kuhongwa kwa sabuni. Akamweleza bintiye yote, tangu trei hadi kizingiti.

Binti alirudi kwake. Baada ya siku kadhaa akaja, macho yamevimba, akakaa karibu na mama yake bila kuvua viatu.

"Nimemuuliza. Amesema ulikuwa mlangoni."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimenyamaza, mama."

Mama Chembe akatikisa kichwa. Tabia hiyo ilikuwa imeingia ukoo.

"Sasa unataka nifanye nini?" binti alisema. "Nikisema wewe ni mkweli, nalala na nani?"

Hakumlaumu. Alimlaumu kidogo. Alimmiminia chai, na hawakulizungumza tena, lakini tangu siku hiyo mtoto akiletwa kwa bibi analetwa na msichana wa kazi.

Akaenda kwa afisa wa usalama peke yake. Alisema mahali alipokuwa amesimama, alisema ufunguo ulikuwa wapi. Afisa alimsikiliza, hakuwa mtu mbaya. Akamwambia kwamba siku ile aliulizwa na hakukana. Akamwambia kwamba aliyefunga ukumbi ni mtu msomi, na tena ni mkwewe, kwa nini amzulie. Kama kuna mwingine aliyeona, amlete. Aliyeona alikuwepo. Fundi wa pampu alikuwa anatoka wakati mama anaweka vitu vyake kwenye trei. Hata alimtania kuhusu mkufu, kwamba kwa umri ule anamvalia nani. Mama Chembe akamfuata kwenye karakana yake. Fundi alivua kofia. Hapo akajua amekwisha mpoteza, maana mtu yule havui kofia kwa jambo jema.

"Dada, mimi mkataba wangu ni wa mwaka hadi mwaka," alisema. "Na anayeutia sahihi ni shemeji yako wa ukumbini, unajua."

"Si shemeji. Ni mkwe."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Akabaki mkwe mwenyewe. Mama Chembe alimvizia asubuhi kwenye maegesho ya taasisi, mbele ya watu, ili asiwe na pa kukimbilia. Alikuwa amekonda. Akafunga mlango wa gari taratibu, akamwamkia, akasimama na begi kifuani kama ngao. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba matokeo yako karibu kutolewa. Kwamba tofauti ile ndogo wameiona, imekaa vizuri, na safari hii huenda wakajua kitu ambacho hakuna aliyekijua. Akisema leo kwamba aliufunga ukumbi bila kuuzunguka, ukumbi utafungwa, na kazi ya watu wote, miaka yao yote, itatiliwa shaka. Aliyasema kwa uchungu wa kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Chembe, kwamba hakuwa anaigiza.

"Na mahali uliposimama, mama, hapabadilishi kitu sasa," alimalizia.

"Kama hapabadilishi kitu, sema."

Mkwe akafungua mdomo. Watu wawili wakapita wakamsalimia, Daktari, Daktari, akaitikia, na alipowageukia hakurudi tena.

Matokeo yalitoka. Kulikuwa na keki na picha. Kwa upande wa usalama, kwa kuwa ilisemwa kosa lilikuwa la mtu kujipenyeza mlangoni, wamefunga kengele mpya mlangoni, nzuri, inalia hata akipita paka. Mstari wa njano uko palepale. Trei iko palepale juu ya kigoda. Wamemwajiri mwanamke mwingine wa kuchekecha, mama kijana, mkono wake mtulivu, na Mama Chembe akiwa anaosha mabeseni humwona kupitia kioo cha korido akienda ukumbini na ndoo yake inayofuka. Alijaribu kumwonya. Yule kijana alisikiliza kwa heshima, kisha akamwambia asiwe na wasiwasi, mama, huko ndani Daktari ni mtu wa msaada sana, funguo zote huwarudishia yeye.

Kwa hiyo deni bado lipo, na mwenye deni anajulikana. Ni mume wa bintiye. Anadaiwa aende kwa yule daktari mwenye sauti ya chini amwambie mama mkwe wake alikuwa amesimama wapi, ili damu ipimwe na hesabu ifanywe kwa mtu aliyekuwapo. Anadaiwa amwambie mkewe usoni. Anadaiwa amwambie yule mwanamke wa chembe, na huyo anadaiwa mapema, kabla ya wote. Fundi wa pampu anadaiwa kipande chake, naye akilipa tutapokea. Lakini mdaiwa mkubwa ni Daktari, na kila asubuhi anaegesha gari palepale, anashuka, anapita.